Droni Iliyojua Njia ya Gerezani

Usiku kucha nilikaa kwenye benchi la kituo cha polisi, macho makavu. Binti yangu alikuwa nyuma ya mlango wa mpelelezi tangu jioni. Walisema droni yake inaingiza simu gerezani, na kila buti lililopita nilidhani linakuja kuniambia anapelekwa mahakamani.

Mtaani wanamwita Fundi. Akiwa darasa la tatu alifungua redio yangu, nikamchapa. Kesho yake ikaimba vizuri kuliko nilivyoinunua, nikanyamaza. Sasa anapiga picha za harusi kutoka angani. Droni yenyewe ni ya bei poa, kuukuu, aliyoinunua sokoni kwa mtu ambaye simu yake haipatikani tena. Mimi humbebea sanduku na betri.

Kabla ya kuirusha huiweka chini, akangoja taa iwe kijani.

"Inatafuta ijue iko wapi, mama. Ikipotea irudi hapa hapa."

Jana bibi harusi alikuwa ameshatoka mlangoni. Nikamwambia, "Irushe bwana, watu wakungoje wewe na taa zako?"

Akairusha taa ikiwa nyekundu. Haikupita dakika mbili, rimoti ikapoteza mawasiliano. Droni ikageuka, ikapita juu ya mapaa, ikatua katikati ya ua wa gereza bila kusita, kama mtu anayerudi kwake.

Alfajiri nikamwendea askari wa kike pale kaunta.

"Afande, andika. Mimi ndiye niliyemharakisha."

"Mama, maelezo hayo yatakuingiza ndani na wewe."

"Kwani hakuna nafasi?"

Alitaka kucheka, akajizuia. Aliandika yote, taa nyekundu na taa ya kijani, akampelekea mpelelezi.

Kulipokucha mpelelezi alitoka na droni hadi uani, nikamfuata, akaifunga kamba ndefu mguuni. Hakungoja taa. Akairusha, akazima rimoti. Ikaning'inia kidogo, ikageuka, ikaivuta kamba kuelekea gerezani. Alipoishusha akaenda kuijaribu nyuma ya jengo; ikavuta kule kule.

"Mwenyewe wa kwanza ndiye aliyeiwekea mahali pa kurudi," mpelelezi akamwambia askari wa kike. "Isipongojewa taa ya kijani ijue mahali pengine, inakwenda pale. Na mle ndani kuna mtu wa kuipokea."

"Afande, sokoni zimejaa kama hizi."

"Ndiyo. Leo zinabeba simu. Zikija zenye mikono ya kufungua kufuli, sijui tutalinda nini."

Alisema kwa sauti ya chini, akitazama juu ya paa. Mimi nilifikiria zile harusi zote nilizobeba sanduku lile, nikijiona nimebeba kamera tu.

"Na mwanangu?" nikauliza.

"Atatuonyesha aliyemuuzia. Droni inabaki."

"Akimwonyesha, mtu huyo si atamjua?"

Mpelelezi akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasikia viti vikisogezwa, kisha sauti ya binti yangu akitaja sokoni, mstari wa wauza chaja. Nilitaka anyamaze. Nilitaka pia aseme yote, atoke.

Mlango ukafunguliwa. Alitoka ameshika viatu mkononi, askari wawili wasiovaa sare wakiwa nyuma yake.

"Mama, nenda nyumbani," akasema. "Sisi tunapitia sokoni kwanza."