Msukuma Machela wa Pande Mbili

Hospitali yetu ina upande wa serikali na upande wa kulipia, na machela za pande zote husukumwa na mtu mmoja, mfupi, mwenye mikono minene na sauti ya chini. Wanaolipia wana sakafu ya vigae. Sisi tuna saruji iliyobomoka. Katikati pana kizingiti. Serikali inasema watengeneze wa kulipia, wa kulipia wanasema itengeneze serikali, na mashine ya eksirei ni moja tu, iko kwenye vigae. Mwingine angepita tu, mgonjwa arushwe. Yeye husimama, huinua magurudumu kwa mikono yake, husema, "Pole, mama. Tunavuka." Tajiri naye huambiwa hivyo hivyo. Mke wangu mifupa ilimuuma hata akiguswa na shuka. Akiambiwa anapelekwa eksirei, huniuliza kwanza, "Yule yupo leo?" Siku moja nesi wa upande wa kulipia akamtania, "Kaka, unasukuma kama umebeba mayai!" Akajibu, "Mayai yakivunjika, dada, utanunua mengine."

Mke wangu alipofariki, alikuja yeye kumchukua. Chumba cha maiti nacho kiko ng'ambo ya kizingiti. Nikafuata nyuma. Kwenye kizingiti akasimama, akaanza kuinua polepole. Yule nesi akamwambia kwa upole, "Pita tu, kaka. Mama haumwi tena."

"Mzee wake yuko hapa," akasema.

Kisha akainama karibu na shuka. "Pole, mama. Tunavuka."