Dawa Niliyompa Cheusi

Haya jamani, mliovaa katambuga za tairi wenzangu, sogeeni! Vijana nanyi wekeni simu chini, hazitakufa njaa.

Enzi zetu katika kambi ya mkonge ya Ngombezi, neno "mweusi" lilikuwa fimbo. Mwenye ngozi nyepesi tulimwita mwekundu, na huyo alipewa mpaka ukoko. Mweusi alipewa majina tu: mkaa, chungu, sufuria ya msibani. Mama alinikanya, "Rangi haisongi ugali." Wapi! Niliendelea.

Akaja Mwanahamisi kutoka Misima, baba yake kaja kukata mkonge. Mtoto mweusi huyo, ukimtazama mchana unaona nyota! Tukamwita Cheusi. Lakini kwenye rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, mama yangu! Siku moja nilimrushia mpira mara elfu, haukumgusa hata kivuli. Wenzangu wakanizomea. Kwa hasira nikamwambia:

"Cheusi, jani la mkonge linaingia mashineni kijani, linatoka jeupe. Jipake maji yake, kesho utaamka mwekundu."

Akaniamini. Mnaoujua mkonge mbichi mnajua unavyowasha. Uso ulivimba kama andazi, kilio kikafika Mombo. Siku tatu hakutoka ndani. Siku ya nne mama yake akamshika mkono, wakapita nyumba kwa nyumba akiuliza nani kamfundisha mwanawe. Walipofika kwetu, Mwanahamisi mwenyewe akajibu, "Hakuna, nilijaribu tu." Nami nimesimama pale pale. Aibu ile iliniingia, mpaka leo haijatoka.

Vijana nawacheka kwa mengi, hata rede hamuijui. Ila neno "mweusi" mmelitendea haki kuliko sisi. Juzi hapa Handeni, Mwanahamisi kaoza mjukuu. Msema chochote, yule MC, akamwita bibi harusi "cheusi dawa", ukumbi mzima vigelegele, binti anacheka meno yote nje! Nikasukuma pilau pembeni, mimi ninayemaliza sinia peke yangu. Enzi zetu neno hilo hilo lilimlaza mtoto ndani siku tatu.

Nikainuka, nikaenda alipoketi Mwanahamisi, nikapiga goti mbele za watu.

"Dada, ule mkonge. Nisamehe."

Akanishika bega. Jasho likanitoka ndoo mbili.

"Nilikusamehe zamani, kaka," akasema. Kisha swali likamtoka kwa sauti, meza zote zikasikia: "Ila wewe ulikuwa mweusi kuliko mimi, mbona hukujipaka?"