Mbung'o kwenye Miche ya Sokoni

Jamani, naandika haya usiku huu.

Leo wanawake wa mtaa wetu tumepanda miarobaini sokoni hapa Shinyanga. Hakuna aliyetutuma. Tumechoka na vumbi tu.

Sasa, mche bila uzio ni chakula cha mbuzi. Basi mimi na Mama Kabula tukaenda porini kukata miiba.

Kurudi, foleni kizuizini! Pale mlinzi mwenye wavu anapomkagua kila atokaye porini, asije na mbung'o, inzi wa malale. Tukapita njia ya mkato. Nani asimame juani na mzigo wa miiba kichwani?

Mche wa kwanza tumeuzungushia, shwari.

Wa pili, nikasikia kama sindano shingoni. Nikajipiga kofi. Inzi akaruka, akatua kwenye jani.

Baba Masanja, jirani yetu mfugaji, alikuwa anapita. Akainama, akamtazama, akaninong'oneza:

"Mayu, mama yangu, mabawa yamelaliana kama mkasi. Huyo mbung'o."

Jamani! Mapori ya hapa tuliyafyeka wenyewe kumfukuza mbung'o, ili ng'ombe wetu wasiishe. Leo nimembeba kichwani hadi mjini.

Mama Kabula akarusha kanga amfunike. Akamkosa.

Tukamwona anaruka, chini chini, kuelekea mnadani. Ng'ombe wote wa Baba Masanja wako kule. Hakunilaumu. Alitoka mbio.

Malale nayaogopa, ndiyo. Tangu mchana najipapasa shingo.

Lakini kesho watu watasema miti ndiyo iliyomleta, na wataing'oa.

Nani atawaambia ni sisi tuliokwepa kizuizi?