Ndama Mwenye Baba Mzungu

Shangazi yangu Cheptanui alikuwa anachuma pareto kwa mzungu mmoja huko Keringet, mwaka wa hamsini na nne. Kwenye hilo shamba kila kitu kilikuwa na upande wake. Wazungu juu, sisi chini. Choo mbali, njia mbali, mpaka ng'ombe. Ng'ombe wa mzungu walikuwa wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, hawakuruhusiwa kukutana na wetu, na waya ikawekwa katikati. Shida ni kwamba dume la mzungu lilikuja na meli, na hakuna mtu aliyelisomea sheria.

Ng'ombe wa shangazi, yule mmoja tu aliyeruhusiwa kufuga, akazaa ndama wa madoa meusi na meupe. Nyapara Masinde akaja, akashika kiuno.

"Mama, sasa hii umetuletea ni kesi. Baba yake ni nani?"

"Si uulize mama yake."

Masinde akaenda kuita Bwana. Bwana akazunguka ndama, akasema, "Hii yangu. Baba yake yangu. Kesho peleka juu."

Sasa, ng'ombe wa kienyeji hatoi maziwa kama ndama wake hayuko hapo karibu. Ndama akienda, watoto wa shangazi wangekunywa nini? Mvua?

Shangazi hakulia. Akauliza kwa adabu, "Bwana amelipa mahari?"

"Mahari gani?"

"Kwetu, baba kama hajalipa, mtoto ni wa upande wa mama."

Bwana akasema hiyo ni sheria ya kienyeji, haina kazi kwa shamba yake.

"Sawa, Bwana. Basi tufuate ya kwenu. Mtoto wa Chelangat analala wapi?"

Chelangat alikuwa anafua nguo kule nyumba kubwa. Mtoto wake alikuwa na macho ya kijivu na nywele kama ndevu za mahindi, na alilala huku chini na sisi. Kaka yake Bwana alilala juu. Kila mtu alijua, na hakuna mtu aliyejua.

Bwana akaangalia buti zake. Masinde akaangalia mawingu. Ndama akaendelea kunyonya.

"Hii ndama mbaya," Bwana akasema mwishowe. "Miguu mbaya sana. Kaa nayo."

Akapanda gari akaenda. Ndipo Masinde akapata pumzi.

"Mama, ulitaka sisi wote tufukuzwe?"

"Nilitaka maziwa," shangazi akasema, akamsukuma ndama kando kidogo, akachuchumaa, akaanza kukamua.