Fundi Kidole na Namba ya Mlangoni

Anaitwa Fundi Kidole, mwana wa Fundi Spoku aliyenyoosha magurudumu ya baiskeli za mtaa mzima kwa jicho tupu, mjukuu wa Mzee Ndala aliyekata viatu kwenye matairi chakavu akawavisha watu waliokuwa wakitembea pekupeku. Ni mdogo wangu wa kunifuata. Nilimbeba mgongoni hadi akaweza kukimbia, kwa hiyo hakuna mwenye haki zaidi ya kumwandika.

Jina la Kidole alilipata kazini. Gari likifika kibandani kwake, hainami kutafuta geji ya kupimia upepo. Anabonyeza tairi kwa dole gumba, anafumba jicho moja, anasema "bado" au "tosha". Baadaye ndipo anachukua geji, na mara nyingi geji inamkubali. Miaka thelathini na minne ameziba pancha na kujaza upepo chini ya mabati yale, kompresa ikikoroma pembeni na karai la maji likimsubiri miguuni. Mimi nilikuwa fundi cherehani mlango wa pili, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona, sikuhadithiwa.

Kisa chenyewe kilianza na mkwe wake. Mwanawe ni dereva wa lori, na mke wa huyo mwana ni mkunga katika zahanati ya juu mlimani. Ni mkunga mmoja tu kule, na saa ya asubuhi anayotakiwa kufika hakuna basi linalopanda. Walijinyima wakanunua gari dogo, na Kidole akaapa kwamba matairi ya mkwe wake hayatajazwa na mkono wa mtu mwingine. Kila Jumamosi alikuwa akiyajaza hadi yanalia kama ngoma ukiyagonga.

Mvua zilipoanza, gari lile likaanza kuserereka. Mara ya kwanza lilicheza kidogo tu. Mara ya pili, kwenye kona yenye kalvati, liliteleza likaingia mtaroni na mkunga akafika kazini kwa miguu, matope hadi magotini, mzazi akiwa tayari kitandani.

Dereva wa lori alirudi safari akasikia. Hakuuliza mara mbili.

"Nilisema tangu mwanzo. Gari si mwiko wa jikoni," alimwambia mkewe mbele yetu.

"Na wewe uliyelaza lori zima kwenye shamba la watu, ulikuwa umeshika mwiko?" mkewe akamrudishia.

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Lakini mume hakucheka. Akasema anasafiri siku nane. Akirudi, funguo anazichukua, na mke aombe uhamisho aletwe zahanati ya huku chini. Mkunga akazikunja funguo kiganjani, akaondoka. Namfahamu huyu binti: asipomrudishia mtu jibu, ameumia. Wanawake wa kule mlimani walikuwa wameshamzoea, wengine wamewapa watoto wao jina lake.

Jioni ile, akitoka kazini mlimani, alikuja kibandani na gari, akamuuliza baba mkwe wake, "Baba, niambie kweli. Mimi sijui kuendesha?"

Kidole alikuwa amechuchumaa mbele ya tairi la mbele. Alikuwa anapapasa meno yake kama kipofu anayetambua uso.

"Dada," akaniita, "hebu njoo. Wewe una macho ya kitambaa. Tairi hili limelika wapi?"

Nikavaa miwani. Katikati lilikuwa limelika likawa laini kama kiganja. Pembeni, huku na huku, meno yalikuwa mapya kabisa.

"Limelika katikati tu," nikasema. "Kama suruali iliyoisha makalioni."

"Kwa nini katikati?" Hakuniuliza mimi, alijiuliza mwenyewe. Ukimwona mdogo wangu amesahau kikombe cha chai mkononi, ujue kuna swali limemkaa kichwani. "Nipe chaki yako."

"Chaki yangu ni ya nguo."

"Leo itapima kiatu."

Akachora mistari minne minene kukatiza uso wa tairi, kutoka ukingo hadi ukingo. Akamwambia mkwe asogeze gari taratibu hadi kwenye nguzo ya umeme na kurudi. Tukainama wote watatu, vichwa vinagongana. Chaki ilikuwa imefutika katikati. Pembeni ilibaki vilevile, nyeupe.

"Kumbe lilikuwa linatembea kwa kisigino," akasema polepole. "Limevimba tumbo. Halikanyagi barabara yote."

"Nani amelivimbisha?" nikauliza, ingawa jibu nililijua.

Akanikata jicho. "Nimejaza upepo kwa namba ya tairi lenyewe! Arobaini na nne, imechongwa hapa ubavuni. Aliyelitengeneza ndiye aliyeandika. Mimi ni nani nibishane naye?"

Mkunga akawasha tochi ya simu akasoma maneno madogo yaliyo kando ya ile namba, maneno ambayo Kidole hakuwahi kuyasoma kwa kuwa namba ilimtosha. "Baba, hapa wamesema usizidishe hapa. Hawajasema jaza mpaka hapa."

Mimi nikaelewa upesi, maana ni mambo ya kwetu washonaji. Mkanda una tundu la mwisho, lakini hakuna aliyekulazimisha ulifunge hilo. Nikamwambia hivyo. Kidole akakuna kichwa.

"Sasa aliyetengeneza gari ameandika wapi namba yake ya upepo?"

Tulitafuta. Tulifungua boneti, tukainua mazulia, tukapekua hadi chini ya spea. Mkunga ndiye aliyeiona, alipofungua mlango wake wa dereva: kibandiko kwenye nguzo ya mlango, kimefunikwa na vumbi. Alikifuta kwa kanga yangu bila kuomba ruhusa. Thelathini na mbili mbele, thelathini nyuma. Gari likijaa watu na mizigo, ongeza.

Mdogo wangu akakisoma kibandiko mara mbili, kidole juu ya namba. Miaka thelathini na minne akizunguka magari ya watu, na hakuna siku aliyofungua mlango wa dereva. Fundi wa matairi mlangoni anatafuta nini?

Akatoa upepo hadi geji ikasema thelathini na mbili na thelathini. Angekuwa mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alfajiri alikuwa ameshafika nyumbani kwa mwanawe na geji mfukoni, mimi nyuma yake na daftari, kwa sababu mwandiko wake hata yeye hausomi. Ile thelathini na mbili ilikuwa imeshuka hadi ishirini na nane.

"Pancha?" nikauliza.

"Yote manne? Haiwezekani." Akapaka mate kwenye valvu moja moja. Hakuna povu. Akakaa chini kwenye ngazi. "Jana lilikuwa limetoka mlimani. Lilikuwa la moto, dada. Upepo ukipata moto unapanda kama maziwa kwenye sufuria. Mimi nimepima maziwa yaliyochemka!"

Akayarudisha kwenye namba ya mlangoni kwa pampu ya mguu, yakiwa bado ya baridi, na siku tatu tukawa tunapima. Asubuhi kabla gari halijawashwa, na mchana likirudi. Niliandika mwenyewe: asubuhi thelathini na mbili, mchana thelathini na tano. Asubuhi ya pili, thelathini na mbili tena. Upande uliopigwa na jua ulizidi kidogo upande wa kivuli, na hilo lilimfurahisha kama mtoto. Tukapaka chaki, mkunga akasogeza gari, na mistari ikafutika yote, katikati na pembeni, sawasawa kama ubao uliopanguswa.

Siku ya nane dereva wa lori akarudi, mvua ikinyesha. Alinyoosha mkono hata kabla ya kuvua viatu. "Funguo."

"Panda kwanza," baba yake akamwambia. "Kiti cha pembeni."

Nilipanda nyuma na Kidole. Mkunga aliendesha. Kwenye kona yenye kalvati mumewe alishika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili, nami nilifumba macho, siwezi kuficha. Gari lilipunguza mwendo, likakanyaga matope, likapita. Mkunga akaegesha mlangoni pa zahanati, akachukua mkoba wake, akaenda kazini bila kumtazama mtu.

Dereva akageuka nyuma. "Umefanya nini, baba?"

Hapo ndipo nilipojivunia kumbeba mgongoni. Angeweza kusema amebadilisha matairi, na nani angebisha? Alisema, "Nimeacha kuharibu. Mkeo hakuwa na kosa. Ni mimi niliyekuwa nikiyajaza kama mawe."

"Lakini tairi gumu ndiyo tairi! Lori langu..."

"Lori lako linabeba tani kumi. Hili linabeba mkunga."

Kidole akaingiza mkono mfukoni, akatoa geji yake, ile ya shaba aliyorithi kwa Fundi Spoku, akamwekea kiganjani.

"Ukiwa nyumbani, kila Jumatatu alfajiri, kabla mke wako hajawasha gari, utapima yote manne. Namba iko mlangoni kwake, si ubavuni mwa tairi. Utamwandikia shangazi yako kwenye daftari."

"Na nikiwa safarini?"

"Utamwomba mkeo akupimie," mdogo wangu akasema, "na umwombe vizuri."