Fyuzi Mfukoni mwa Wanjala

Wateja wa Kawempe, jijini Kampala, humcheka Wanjala kwa tabia moja. Kabla ya kugusa waya wa mtu huzima swichi kuu, hung'oa fyuzi na kuitia mfukoni mwa shati. Haiachi mezani. Mwenzake Wamalwa, aliyetoka naye Bungoma kutafuta kazi vita vya Uganda vilipokwisha, aliiacha yake mezani, na mwenye nyumba akairudisha Wamalwa akiwa bado ameshika waya. Tangu siku hiyo Wanjala hufanya kazi peke yake, na huchoka peke yake.

Asubuhi niliyofuatana naye goti lilikuwa likimsumbua. Tulikwenda kwa Rukiah, mjane wa Kinubi anayeuza juisi baridi. Alitaka soketi mpya jikoni. Nyumba ni ya baba yake, na nyaya zake ni za kabla ya uhuru. Mpira wa nyaya hizo ulimong'onyoka vidoleni mwa Wanjala kama mkate wa juzi.

Alizima, akang'oa, akatia mfukoni. Akagusisha nyaya na balbu yake ndogo ya kupimia. Giza. Akazimenya nyaya zikabaki uchi ukutani.

"Fundi, chai kwanza," Rukiah akaita.

Tulikunywa. Wanjala alipoinuka, akashika ile balbu tena, kwa sababu mkono ukishatoka kazini yeye hupima upya. Balbu ikawaka.

Nyuma yetu friji ilianza kunguruma.

"Alhamdulillahi, umeme umerudi!" Rukiah akasema.

Wanjala akajipapasa mfukoni. "Umerudi kupitia wapi, mama? Fyuzi ninayo mimi."

Kichwa cha Safinah, jirani, kikachomoza juu ya ukuta, kimejaa fahari. "Mama Yasiin! Nilisikia friji yako imenyamaza, nikakuchomekea!"

Kwa mgao wa umeme nyumba zao hazikatiwi siku moja, kwa hiyo waya ulipita juu ya ukuta, una plagi pande zote mbili. Mmoja akiingia gizani, mwenzake huchomeka bila kuombwa, na umeme huingia nyumba nzima kupitia soketi.

Wanjala akakaa chini sakafuni. Hakupaza sauti. "Chomoa, dada. Shika hiyo plagi juu niione mpaka nimalize."

"Hadi lini? Mimi ni mlingoti wa bendera?"

"Hadi nimalize. Nina watoto wanne."

Safinah akasimama juu ya ndoo, plagi mkononi, akimtukana Wanjala na Waluhya wenzake wote kwa saa nzima. Wanjala alipima, akafunga soketi, akapima tena. Kisha akaukunja ule waya, akaukata plagi moja na kuitia mfukoni pamoja na fyuzi.

Rukiah akalalamika. "Huo waya umetulea tangu vita. Umeme ukienda leo, juisi yangu yote itachacha!"

"Itachacha, mama. Juisi nyingine utatengeneza."

Akarudisha fyuzi. Hatujafika langoni, friji ikanyamaza. Zamu ya mgao ya upande wa Rukiah ilikuwa imefika. Rukiah akamtazama Wanjala kama aliyemletea mkosi.

Safinah hakuchungulia ukutani. Alizunguka kwa miguu, akaingia langoni akipumua. "Nipe beseni la juisi. Friji yangu ina nafasi. Na wewe Mluhya, mkata plagi, shika upande huu."

Wanjala alilitazama beseni, akalitazama goti lake. Akainama, akashika.