Aquarium yetu ya kwanza Temeke, na jioni baba alipowakuta samaki chali

Wakuu, heshima mbele. Mie ni bibi mstaafu, mjukuu ndiye kaniunga humu. Nimeona kijana anauliza aanze na aquarium ya ukubwa gani, nikacheka peke yangu mpaka chai ikapoa. Ninayosimulia ni kweli tupu.

Ilikuwa enzi za Ujamaa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimeolewa karibuni na Festo, karani, mtu wa Ukerewe.

Baba yangu, mchonga vinyago wa Masasi, hakuipenda ile ndoa. Alisema watu wa ziwani wana maneno mengi. Hata harusini hakuja.

Halafu ghafla tukapata habari kwamba anakuja kututembelea.

Festo akachanganyikiwa. Akataka sebuleni kuwe na kitu cha kumshangaza mzee.

Bahati nzuri mwalimu mwenzangu, mama wa Kizungu, alikuwa anarudi kwao na anagawa vitu. Alikuwa na aquarium mbili, yale matangi ya kioo ya kufugia samaki: moja ndefu kama sanduku, nyingine ya duara, saizi ya chungu cha maharage.

Akatushauri tuchukue kubwa. Festo akakataa. Kwanza, ndogo ni rahisi kutunza. Pili, balozi wetu wa nyumba kumi akiona lile dude atasema tumekuwa mabepari.

Nikamwambia tumsikilize mwenye uzoefu.

"Mie nimezaliwa ziwani," akasema. "Samaki nifundishwe na mtu aliyewajulia ukubwani?"

Ndoa changa jamani, mambo mengine unaachia.

Asubuhi ya siku ya mgeni akaenda pwani ya Kunduchi na ndoo. Akarudi na visamaki vya miambani vyenye mistari ya njano, vizuri kweli. Maji ya bahari aliyokuja nayo akayaona machafu, akayamwaga. Akajaza ya bomba.

Wanaojua hii ishu wameshashika kichwa.

Jioni baba anabisha hodi, samaki wote wako juu, matumbo yanatazama dari. Na Festo alikuwa ameliweka lile duara juu ya kabati, palepale mgeni anapoingilia.

Tukampa shikamoo. Baba akaketi, macho kwenye kioo. Mwisho akauliza, "Mkwe, hawa wamekuwaje?"

Festo jasho linamtiririka. "Wamelala, baba. Wa pwani hulala chali."

Nikatamani ardhi ipasuke.

Baba akawatazama tena, kwa muda mrefu. Halafu akashusha sauti. "Basi tusiwaamshe."

Wakuu, jioni nzima tuliongea kwa kunong'ona. Habari za safari, kwa kunong'ona. Sala ya chakula, kwa kunong'ona. Balozi alipopita kumsalimia mgeni, baba akaweka kidole mdomoni, naye akanong'ona bila kujua kwa nini. Chakula chenyewe ugali na samaki wa kukaanga, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza baba hadi barabarani. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Mumeo hajui kabisa kudanganya," akasema. "Mwanamume wa hivyo usimwache. Ila samaki usimkabidhi."

Basi tukarudi kwa yule mama, tukachukua ile kubwa. Safari hii tukaweka perege wadogo wa bwawani, na maji ya bomba tukayalaza kwanza kwenye ndoo ili dawa itoke. Wakaishi. Na kwa vile Tanzania Bara hatukuwa bado na televisheni, majirani walikuwa wanakujaga na vigoda vyao kuwaangalia, balozi akiwa mstari wa mbele. Neno bepari sikulisikia.

Kwa hiyo kijana, anza na kubwa. Maji mengi hayachafuki upesi wala hayapati joto ghafla. Samaki wa bahari waache mpaka ukomae. Maji yatayarishe kabla hujawaleta. Na ukiwa na ugeni, jamani, pika pilau tu.

Haya, nyie samaki wenu wa kwanza walidumu? Wataalamu nirekebisheni, ila taratibu, mie mtu mzima.